Alcarràs: shamba halina hati, ndugu hawasemezani. Walioiona hii filamu ya Hispania tukutane hapa

Mchuma Machungwa (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Ijumaa nilikuwa peke yangu nyumbani, mvua inapiga bati, umeme kwa bahati upo. Nikasema leo sitaki mambo ya risasi. Nikafungua filamu ya Hispania ya mwaka 2022 inaitwa Alcarràs, mwongozaji ni dada mmoja, Carla Simón. Ina urefu wa saa mbili. Ilipoisha nikabaki nimekaa naangalia majina yanapanda, kisha nikachukua simu nikampigia baba mdogo ambaye hatujaongea tangu 2016. Hakupokea. Hilo nitalirudia.

Tahadhari: nasimulia mpaka mwisho. Ambaye hajaiona na hapendi kusimuliwa ashuke kituo hiki.

Alcarràs ni mji mdogo wa wakulima, karibu na Lleida, huko Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania. Ukoo wa Solé unalima mapichi (wengine mnaita fyulisi) kwenye shamba lilelile kizazi baada ya kizazi. Shamba si lao. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1936 hadi 1939, wenye ardhi walikuwa wanasakwa, na kina Solé wakawaficha kina Pinyol, ambao ndio wenye shamba. Mambo yalipotulia kina Pinyol wakawaambia limeni hapa, ni penu. Wakaambiwa kwa mdomo tu. Miaka ikapita, miti ikapandwa, ikazeeka, ikang'olewa, ikapandwa mingine, na hakuna aliyewahi kuwaza karatasi. Sasa Pinyol mzee hayupo, aliyerithi anataka kung'oa mipichi yote aweke paneli za sola. Kina Solé wanaruhusiwa kuvuna kiangazi hiki, basi.

Tukio lililonibana ni la mwanzoni kabisa. Familia nzima iko ndani, makaratasi yamemwagwa, wanatafuta mkataba. Quimet, baba mwenye nyumba, anamuuliza baba yake, mzee Rogelio, karatasi iko wapi. Mzee anaeleza kwamba enzi zile neno la mtu lilitosha. Hakuna anayemtukana. Ila tazameni uso wa mzee pale. Mtu wa miaka themanini na kitu anagundua mbele ya wajukuu kwamba heshima aliyoiamini maisha yake yote ndiyo iliyowaponza.

Na hapa ndipo ninapotaka tujadili. Mwanzoni nilidhani ni filamu ya maskini dhidi ya tajiri. Siyo. Huyo Pinyol kijana anaonekana mara chache sana, anaongea kwa upole, hata anampa Quimet ofa ya kazi ya kutunza hizo paneli: jasho kidogo, hela zaidi. Quimet hataki kusikia. Lakini shemeji yake Cisco, mume wa dada yake Nati, anasikia. Anaanza kwenda kufanya kazi kwenye sola kimyakimya. Tangu siku hiyo ugomvi wa Pinyol unahamia mezani kwa kina Solé. Watu waliokuwa wanakula konokono pamoja kwenye sufuria moja kubwa, wanacheka, wanasukumana kwenye bwawa la kuogelea, wanaanza kupishana mlangoni bila salamu.

Watoto ndio wanaolipa. Iris, kabinti kadogo ka Quimet, ana binamu zake mapacha, Pere na Pau, watoto wa Cisco, na hawa watatu hawaachani. Filamu inaanza wamo ndani ya gari bovu lililotelekezwa, wanajifanya wako kwenye chombo cha anga. Inakuja kreni, inalibeba gari. Wanahamia kwingine. Kila wakijenga kijumba, wakubwa wanakivunja bila hata kujua. Baadaye mapacha wanachukuliwa, hawaji tena kucheza, na Iris anazunguka peke yake akiuliza.

Mimi nilikuwa Iris. Baba na baba mdogo waligombana juu ya kipande cha shamba la machungwa, Muheza, baada ya babu kufariki. Sitasema nani alikuwa na haki, kwa sababu mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba tulikatazwa kuvuka ua wa michongoma kwenda kwa kina binamu, na sisi watoto tukawa tunarushiana machungwa mabovu juu ya ua, kama mchezo, mpaka siku moja binamu yangu akarusha zima, likanipata jichoni, na wakubwa wakasema mnaona, wamewafundisha chuki watoto wao. Sisi tulikuwa tunacheza tu, wakuu.

Karibuni tujadili.

---

Nyati Kavu

Mkuu nimejaribu. Dakika arobaini. Watu wanachuma matunda, wanakula, wanalala, wanachuma tena. Hakuna muziki wa kukuandaa, hakuna mtu anakufa. Nilisubiri mtu ashike bunduki kwa ajili ya Pinyol, wakashika bunduki kweli nikakaa vizuri, kumbe ni ya kuwindia sungura. Nikazima.

Hizi filamu za matuzo zinatupiga changa la macho. Nipe ya kutafsiriwa na DJ, angalau yeye anaongeza chumvi.

---

Mama Wawili

@Nyati Kavu umezima kabla sungura hawajafanya kazi yao. Wale sungura wanakula mazao, kwa hiyo wanawindwa usiku. Baadaye Roger na dada yake Mariona, watoto wakubwa wa Quimet, wanachukua maiti za sungura wanazimwaga mlangoni kwa Pinyol. Wakubwa wanahangaika na sheria na heshima, watoto wametuma barua yao.

Mleta uzi, umemwacha Roger, mimi ndiye aliyeniliza. Kijana anapenda shamba kuliko baba yake anavyojua. Anaamka, anabeba makreti, anaendesha trekta, anasubiri aambiwe "ahsante mwanangu". Baba yake anamwambia kasome. Akifanya kazi anagombezwa, asipofanya anagombezwa. Na Quimet kwa upande wake anampenda, anamwambia asome kwa sababu anajua hakuna cha kumrithisha. Ila hasemi hivyo! Anapiga kelele tu kuhusu makreti. Na ule mgongo wake mbovu unamtesa, kila anapoinama unaona maumivu, na bado hataki kusaidiwa.

Halafu kuna bangi aliyoificha Roger katikati ya mahindi. Nilicheka. Kila ukoo una mtoto wa namna hiyo.

---

Mchuma Machungwa

@Mama Wawili dada, ahsante kwa kunikumbusha Roger. Hilo la "hasemi hivyo" ndilo nililoshindwa kulieleza juu. Quimet angesema sentensi moja tu, naogopa, nusu ya ugomvi ule usingetokea. Yeye na Cisco hawagombanii sola. Cisco amekubali mapema jambo ambalo Quimet anajua lazima litakuja, na hawezi kumsamehe kwa hilo.

@Nyati Kavu ndugu yangu, sina ubishi, kila mtu na mboga yake. Ila hao wanaochuma matunda siyo waigizaji. Ni wakulima na watu wa kawaida wa eneo lile, wengi hawakuwahi kusimama mbele ya kamera. Wala wengi wao hawakuwa ndugu. Simón aliwakutanisha kwanza, wakakaa pamoja wakizoeana ili wawe familia kabla ya kupiga picha. Ndiyo maana mtu akipita nyuma ya mwenzake jikoni anamgusa bega bila kuangalia. Hilo huwezi kumfundisha mwigizaji kwa wiki mbili. Isipokuwa Glòria, shangazi anayekuja kutoka mjini, huyo ni mwigizaji, na ni dada wa mwongozaji mwenyewe.

Ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, Februari 2022, filamu ya kwanza ya Kikatalunya kupata tuzo hiyo.

---

Popobawa Mstaafu

Berlin wakaipa Dubu, nyumbani wakaipa hewa. Kwenye Goya, tuzo za filamu za Hispania, za 2023 iliteuliwa mara 11 ikarudi mikono mitupu. Hata moja! Nabii hana heshima kwao.

Mwaka huohuo Cinco lobitos ya Alauda Ruiz de Azúa ikabeba tatu: mwongozaji mpya, mwigizaji bora wa kike, na mwigizaji msaidizi wa kike. Nayo ni ya familia, na mimi naiweka juu ya Alcarràs, nipigeni mawe. Binti amejifungua, mwenzake anasafiri kikazi, anachoka, anarudi kwa wazazi wake pwani ya Basque, kaskazini mwa Hispania. Anadhani anakwenda kulelewa. Mama yake ni mkavu kama kuni, anapika huku anasema maneno ya kuchoma. Halafu mama anaugua, na yule binti anajikuta analea huku na huku, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine mama. Jina ni la wimbo wa kumchezesha mtoto vidole, mbwa mwitu wadogo watano.

Hakuna shamba wala Pinyol. Jikoni tu. Na jikoni panatosha.

---

Mama Wawili

@Popobawa Mstaafu hiyo niliiangalia nikiwa nanyonyesha wa pili. Ilibidi niisimamishe mara tatu. Na mama alikuwa chumba cha pili amekuja kunisaidia, tumenuniana tangu asubuhi kwa sababu ya uji.

---

Katalani Mweusi

Salamu kutoka Barcelona, huu mwaka wa sita nipo huku. Nimefurahi kuona uzi huu, sikutegemea.

Naongeza mambo ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyasikia. Lafudhi kwanza. Kikatalunya cha Lleida si cha Barcelona, vokali zake ziko tofauti, na kwenye filamu wanaongea cha kwao bila kusafisha. Ni kama filamu ya Kiswahili ambayo watu wote wanaongea Kimakunduchi. Rafiki zangu wa hapa mjini walikuwa wanacheka kwa raha, wengine wanauliza "kasemaje?"

La pili ni desturi. Katalunya ya zamani mali haikugawanywa. Mtoto mmoja, kwa kawaida wa kiume wa kwanza, alirithi karibu yote na kuitwa hereu, wengine wakajitafutia. Kwa hiyo Quimet anabeba uzito ambao dada zake Nati na Glòria hawabebi kwa namna ileile. Wao wanaweza kusema tuhamie kitu kingine. Yeye akisema hivyo amekuwa nani? Nadhani ndiyo maana anamwona Cisco kama msaliti: shemeji hana kaburi la kulilinda pale.

La tatu, na hili mtaniwia radhi nalisema kwa uchungu kidogo. Mmewaona vibarua Waafrika kwenye filamu? Wapo. Wanasubiri kazi, wanachuma, hesabu ikibana Quimet anawapunguza, familia inachuma yenyewe. Hawapati muda mrefu. Lleida kila kiangazi hujaa vijana kutoka Senegal, Mali, Gambia, wanaofuata matunda. Mwaka 2020, wakati wa korona, wengi walikuwa wanalala barabarani, na mchezaji wa mpira Keita Baldé, Msenegali aliyezaliwa hukuhuku Katalunya, akajitolea kuwalipia malazi. Hoteli zikakataa kuwapokea, fedha ipo. Kwa hiyo nilipomwona Quimet analia kwa kufukuzwa kwenye ardhi nilimwonea huruma kabisa, na papo hapo nikawa nawaza wale waliofukuzwa na Quimet wamelala wapi usiku ule.

---

Mchuma Machungwa

@Katalani Mweusi umenipiga ngumi ya tumbo, kaka. Niliwaona, nikapita. Nadhani mwongozaji naye anajua tumepita, maana kamera inakaa kwa Solé tu. Sijaamua bado kama ni kosa lake au ni ukweli wa familia yenye shida: mkiwa mnazama hamwangalii nani mmemkanyaga.

Hiyo ya hereu imenifungulia mlango. Baba yangu ndiye mkubwa.

---

Msambaa Asilia

Nimechelewa, nilikuwa shambani kweli, si kwa mfano.

Mimi ni wa Lushoto, kwetu mapichi yapo. Mnaongelea familia sawa, ila filamu hii kwa mkulima ni filamu ya bei. Mmeruka lile tukio la wakulima kuandamana na matrekta, wakamwaga mapichi chini na kuyapondaponda mbele ya wanunuzi? Bei wanayopewa haifikii hata gharama ya kuzalisha. Pichi halingoji. Embe utalivundika, viazi utavilaza ghalani, pichi likiiva leo kesho kutwa ni mbolea. Dalali analijua hilo kuliko wewe. Anakuja jioni, anakwambia bei imeshuka, anawasha pikipiki, anakusubiri umwite.

Kwa hiyo Pinyol asingekuja na sola, dalali angewatoa tu, polepole. Cisco anaweza kupiga hesabu. Namtetea Cisco! Mtu ana watoto mapacha, mnataka ale heshima?

Na yule mzee Rogelio na tini zake. Anachuma tini nzuri nzuri, anazipanga, anampelekea Pinyol. Mleta uzi hukulisema hili. Mzee anaamini mambo bado yanakwenda kwa zawadi na kukumbushana wema. Hakwenda kuomba. Amekwenda kufanya ujirani, kama alivyofanya miaka yote. Hapo ndipo mimi nilisimamisha nikatoka nje kuvuta hewa.

---

Nyati Kavu

Aisee. Mmeanza kunishawishi na hizo tini. Nitarudi dakika ya arobaini.

---

Mama Wawili

Wakati Nyati anarudi shule, niwape nyingine ya Carla Simón huyohuyo, Estiu 1993, ya mwaka 2017. Hiyo ni maisha yake. Wazazi wake walikufa kwa Ukimwi, mama akifariki 1993 yeye ana miaka sita, akachukuliwa na mjomba na mkewe kijijini. Kwenye filamu mtoto anaitwa Frida.

Mimi ni wa Bukoba. Sina haja ya kueleza miaka ile kwetu ilikuwaje, na nyumba ngapi zilikuwa na mtoto aliyeletwa na kiroba cha nguo. Mimi sikuwa huyo mtoto. Kwetu aliletwa binamu yangu. Kwa hiyo mimi nilikuwa Anna, yule mdogo wa nyumbani ambaye ghafla ana dada asiyemtaka.

Kuna tukio Frida anacheza na wenzake anaanguka, goti linachubuka, damu inatoka. Mama mmoja anamkimbilia binti yake kumvuta asimguse. Wote wazima wanaganda. Frida anaangalia goti lake. Hajui kwa nini. Kwetu ilikuwa kikombe. Binamu alikuwa na kikombe chake cha bati, cha bluu, kimemenyeka ukingoni, na mama alituambia ni kwa sababu yeye ni mgeni. Alikaa miaka tisa, bado ni mgeni.

Mwisho wa filamu Frida anaruka kitandani anacheza, anacheka, na katikati ya kicheko analia. Anaulizwa una nini. Hajui. Kiangazi kizima hajalia hivyo, siku ambayo mambo yametulia ndipo yanatoka.

---

Popobawa Mstaafu

@Mama Wawili pole sana dada. Binamu yuko wapi sasa?

---

Mama Wawili

Mwanza, nesi, ana watoto watatu. Nilimtumia filamu. Akajibu neno moja tu, "kikombe". Hatujawahi kukiongelea maisha yetu yote, na mimi sikuwa nimekitaja.

---

Katalani Mweusi

Hapo sina la kuongeza.

Kwa anayefuatilia, Simón ana ya tatu ya familia, Romería, ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 2025. Binti anakwenda Vigo, upande mwingine wa nchi, kuwatafuta ndugu wa baba yake. Ndugu ambao kuna jambo hawataki litajwe.

---

Nyati Kavu

Nimemaliza. Naomba radhi kwa wanabodi, hasa mleta uzi.

Sijui ni lini walinishika. Nadhani ni pale Mariona, yule binti, amefanya mazoezi ya kucheza siku zote kwa ajili ya sherehe ya mji, na siku yenyewe anakataa kupanda jukwaani. Hakuna aliyemuuliza. Nyumba imeungua na mambo makubwa, ngoma ya binti nani anaikumbuka?

Ila nina swali. Mwisho wake sijauelewa. Wameungana au hawajaungana? Maana wote wapo pale wanapika mapichi.

---

Mchuma Machungwa

@Nyati Kavu karibu kundini mkuu.

Mimi nauona hivi. Wako nje ya nyumba wanahifadhi mapichi kwenye chupa za vioo, kila mtu na kazi yake, huyu anamenya, huyu anajaza, huyu anafunika. Wameketi pamoja lakini hakuna aliyeomba msamaha, wala hakuna kikao kilichoitishwa. Watoto wanasikia mngurumo, wanakwenda, wakubwa nao wanainuka mmoja mmoja. Katapila linang'oa mipichi, mti mmoja, halafu mwingine, bila haraka. Wanaangalia. Kisha kazi ya chupa bado ipo. Kuungana kwao kama kupo ni huko kwenye kufunika chupa.

Kwa waliouliza inboksi: baba mdogo alinipigia Jumapili baada ya kanisa. Nilidhani tutaongea mambo mazito. Akaniuliza mvua huko imefikaje, nikamwambia imefika. Akasema machungwa mwaka huu yana madoa. Nikamwambia hata ya upande wetu. Dakika nne na sekunde kumi, nimeangalia. Shamba hatukulitaja.

---

Msambaa Asilia

Na mimi nifunge hesabu yangu. Jana nimeiangalia tena, na mzee wangu. Ana miaka 79, Kiingereza cha chini kule hasomi, Kikatalunya ndiyo kabisa. Nikawa namtafsiria kidogo kidogo, nikachoka, nikamwacha. Alikaa mpaka mwisho, haongei. Alicheka kwa sungura. Alikosoa namna wanavyoshika ngazi.

Lilipokuja katapila akasogea mbele kwenye kiti, akauliza, "Wameshachuma?"

Nikamwambia wameshachuma baba, yote.

Akasema, "Afadhali," akachukua fimbo yake akaenda kulala.